Jinsi ya kukagua bwawa lililo karibu na mwenge wa gesi

Nikiitwa kukagua bwawa lililo jirani na kisima cha mafuta kinachochoma gesi kwa mwenge, wenyeji hutaka kunionyesha samaki waliokufa. Mimi huomba nionyeshwe konokono. Samaki mkubwa huvumilia mengi, au huhama. Konokono hana pa kwenda, na gamba lake hulika mapema maji yakianza kuwa na asidi. Ukikuta magamba meupe, membamba, tena matupu, hapo pana kazi.

Anza na mvua. Gesi yenye salfa ikichomwa hutoa dioksidi ya salfa, nayo ikikutana na unyevu angani huwa asidi. Chukua beseni la plastiki, lisuuze kwa maji yaliyokenekwa, liweke juu ya kigoda mbali na miti na mapaa, ulifunue mvua inapoanza tu. Usitumie debe la bati. Mimi nilipoteza vipimo vya msimu mzima hivyo, kwani asidi ilikuwa ikiishia kwenye chuma. Mvua safi huwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ya karibu 5.6; ya 4.6 ina asidi mara 10 zaidi. Iwahi mvua ya kwanza baada ya kiangazi, maana ndiyo inayoosha masizi na asidi iliyokaukia majanini na kuvimwaga bwawani kwa mkupuo.

Sasa pima bwawa lenyewe. pH ikishuka hadi 5, mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, na bwawa hubaki na wazee watupu. Asidi hiyo pia huchomoa alumini udongoni, nayo huganda kwenye matamvua. Kwa hiyo pima oksijeni alfajiri, wakati inapokuwa chini kabisa. Samaki wakihema juu ya maji ilhali kipimo kinasoma miligramu 6 kwa lita, mfunue mmoja matamvua: ute mzito utakuambia kwamba hewa ipo, ila haimfikii.

Usiku rudi na kimia cha matundu madogo sana. Viumbe vidogo vya planktoni hupanda juu gizani kula mwani, na mwanga huwazuia. Vuta upande unaomulikwa na mwenge, kisha upande wenye kivuli, ulinganishe.

Tope usiliguse bila glavu. Masizi hubeba kemikali zinazosababisha saratani, ikiwemo benzopaireni, nazo hutulia humo. Litie kwenye chupa ya kioo, si plastiki, ulifunike na kulipeleka maabara likiwa kwenye barafu.

Haya yote hayana uzito bila bwawa la pili, lililo upande upepo unakotoka, lenye udongo wa aina ileile. Udongo wenye chokaa hupooza asidi, ukadhani mambo ni shwari. Tazama pia utando wa rangirangi juu ya maji, kwa sababu mafuta yaliyomwagika nayo huua konokono, na kosa la bomba usilibebeshe mwenge.

Kila unapopima, andika tarehe, upepo ulikovuma, na kama mwenge uliwaka. Daftari langu lina wiki 3 ambazo mwenge ulizimwa kwa matengenezo: pH ya mvua ilipanda, ikashuka tena ulipowashwa. Kurasa hizo ndizo ninazofungua kwanza mbele ya wahusika.