Somo: Kukata rufaa VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu) inapokataa dai lako la ulemavu

Nimeulizwa jambo hili kwenye simu, harusini na hata msibani, kwa hiyo naliandika mara moja kwa Waswahili wenzangu waliovaa sare ya jeshi la Marekani.

Kwanza, isome barua ya uamuzi hadi mwisho na uizungushie kalamu tarehe yake.

Pili, tafuta wanachosema kimekosekana kwenye dai lako: ugonjwa ulio nao sasa, tukio la jeshini, au kinachounganisha viwili hivyo.

Tatu, chagua njia, na hapa ndipo nilipojikwaa. Tangu Februari 2019 njia ni tatu: fomu 20-0995 ni ya mwenye ushahidi mpya unaohusu dai, fomu 20-0996 humpa ofisa mwandamizi faili lile lile alipitie upya, fomu 10182 hupeleka shauri kwenye Bodi ya Rufaa. Mimi nilijaza 20-0996, nikaambatanisha barua ya daktari wa goti langu, kurasa 2 nilizozisubiri kwa wiki kadhaa, nisijue kwamba njia hiyo haipokei ushahidi mpya hata chembe. Dai lilikataliwa tena, na barua ile haikuzingatiwa kabisa. Mwenye karatasi mpya asipite huko.

Nne, wasilisha ndani ya mwaka 1 wa tarehe uliyoizungushia, ili ukishinda usipoteze malipo ya nyuma.

Swali: Nimekataliwa. Nijaze fomu ipi?
Jibu: Hukusema umekataliwa kwa nini. Rudi hatua ya pili.

Swali: Daktari ameandika kwamba mgongo wangu "huenda" uliumia jeshini. Yatosha?
Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Neno hilo ni jepesi. Kipimo ni uwezekano wa angalau asilimia 50, kwa hiyo mwombe aandike hivyo waziwazi, ataje kumbukumbu za matibabu alizozisoma, kisha aeleze sababu zake. Mwenzako wa kikosi aliyekuona ukianguka naye anaweza kutoa ushuhuda kwa fomu 21-10210.

Swali: Mwaka umepita. Ndiyo basi?
Jibu: Fomu 20-0995 bado iko wazi kwako, ila kwa kawaida malipo yatahesabiwa tangu watakapoipokea.

Swali: Nimlipe nani anijazie?
Jibu: Usimlipe mtu. Wawakilishi wa vyama vya wanajeshi wastaafu walioidhinishwa na VA hujaza bure.

Mchangiaji: Naongezea kwamba kumbukumbu za jeshini zilizopotea huombwa kwa fomu SF-180 kutoka hifadhi ya nyaraka iliyoko St. Louis, Marekani.
Jibu: Ahsante, hilo nililisahau. Ziombeni mapema, kabla hamjaenda kwa daktari.