Kabla ya kuwapeleka wanafunzi kupanda mikoko Tanga, tazama maji

Upandaji wa mikoko mashuleni hupangwa kwa sherehe: wageni wamealikwa, fulana zimechapishwa, tarehe ni 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Bahari haina habari na tarehe hiyo. Klabu ya mazingira ya shule iliyo Tongoni, Mtimbwani au Moa ianze na mwezi wa angani, ratiba ya shule ifuate.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili zinazofuata, maji ya Tanga hupwa hadi mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, hivyo baada ya wiki, wakati wa maji mafu, yanapwa karibu na saa kumi na hayaendi mbali. Kalenda ya Hijria inatosha kukadiria: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Halafu muulize mvuvi wa hapo, yeye hakosei. Masika ndiyo wakati mzuri, maana mvua hupunguza chumvi kwenye tope.

Ruhusa itangulie. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, kwa hiyo pita ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kabla ya kuokota hata mbegu moja, kisha serikali ya kijiji au mtaa, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani) na wazazi. Chukua wanafunzi wa darasa la nne na la tano, au kidato cha kwanza. Wa darasa la saba na kidato cha nne wataondoka kabla miche haijashika.

Sasa eneo, ambapo kazi nyingi huharibikia. Bamvua hukauka mbali sana na kufunua tope pana, tupu, linaloita kupandwa. Usiyafuate maji. Tope lile liko chini mno: mche unakaa majini saa nyingi, mawimbi ya kusi yanautikisa, na viumbe wadogo wenye magamba, wale wanaoganda kwenye mitumbwi, wanaulemea hadi unalala. Tafuta mkoko wa mwisho ulioota wenyewe upande wa bahari na usishuke chini yake. Waulize wazee kama pale paliwahi kuwa na mikoko. Kama haikuwepo, ipo sababu. Kisha wanafunzi wapime vipande kumi vya mita 2 kwa 2 na kuhesabu miche iliyojiotea. Ikizidi mmoja kwa kila mita moja ya mraba, msipande. Ondoeni taka, zibueni mkondo wa maji ulioziba, mwendelee kuhesabu. Hilo nalo ni tendo la mazingira, japo halipendezi kwenye picha.

Penye uhitaji, anzeni na mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, kwa sababu mbegu zake ndefu hupandwa moja kwa moja bila kitalu. Mchu na mlilana, aina nyingine za mikoko, ina mbegu ndogo zinazotaka viriba na uangalizi wa miezi; iacheni kwa mwaka wa pili. Mbegu iliyokomaa ina ukosi wa rangi ya manjano chini ya tunda na huachia kwa kuguswa tu. Inayohitaji kuvutwa ni changa. Chagueni zilizonyooka, zaidi ya sentimita 30, zisizo na tundu la mdudu. Zihifadhiwe kivulini chini ya gunia lenye unyevu kwa siku tano hadi saba: zikinyauka kidogo, kaa hawazitamani sana.

Wanafunzi 30, makundi sita ya watano, wanatosha kwa mbegu 300. Andaa 360, maana zingine zitavunjika. Kila kundi liwe na kamba ya katani yenye mafundo 20, mita moja moja, na kijiti chenye unene wa kidole gumba. Toboa kwanza, ndipo uingize theluthi moja ya mbegu, ncha iliyochongoka chini, kofia ya tunda ikiwa bado ipo iachwe. Kuisukuma kwa nguvu bila kutoboa huvunja ncha, na mizizi haitatoka. Bana tope kuzunguka kwa vidole. Ingieni saa tatu, mtoke kabla maji hayajageuka. Hesabu wanafunzi mara mbili, kuingia na kutoka. Miguuni wavae raba za kamba. Yeboyebo hubaki matopeni, na peku kuna chaza wakali kwenye mizizi.

Mbegu inaweza kukaa wiki nyingi ikiwa kijiti kitupu. Hapo ndipo mtoto mdadisi huing'oa aone kama ina mizizi, na kuiua. Waelezwe mapema. Hesabuni baada ya wiki mbili, mwezi, miezi mitatu na sita, bamvua kwa bamvua: ipi hai, ina majani mangapi, ipi imelala. Ondoeni plastiki na mwani uliojisokota. Daftari lina mstari kwa kila kamba, na linakabidhiwa darasa linalofuata.

Mbegu 60 za akiba hazidumu. Mapengo yatataka mbegu mpya. Zilizokufa moja moja, zibeni. Zikifa kwa mfululizo upande wa bahari, msizirudishie. Sogezeni kamba juu, kuelekea nchi kavu.