Jinsi ya kupima kama kioevu cha kipimajoto hutanuka sawasawa

Kipimajoto kinaweza kusoma vyema kwenye barafu na kwenye maji yanayochemka, kisha kikadanganya katikati. Kasoro hiyo iliwasumbua watengenezaji wa kwanza, kwa kuwa spiriti iliyotiwa katika mirija ya vipimajoto vya Florence, Italia, karne ya 17 hutanuka zaidi kadiri joto linavyopanda. Maji ni mabaya kupita vioevu vyote: kutoka digrii 0 hadi 4 husinyaa, na mrija wa maji uliogawanywa sawasawa kati ya 0 na 100 ungeonyesha karibu 28 wakati joto halisi ni 50. Mwanasayansi Jean-André Deluc wa Geneva, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1772, alipima vioevu kadhaa kwa kuchanganya maji ya moto na ya baridi, akaiona zebaki kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi ukweli. Jaribio lake linawezekana katika maabara yoyote ya shule Nakuru.

Tafuta kipimajoto cha zebaki na kingine chenye kioevu chekundu. Vitumbukize katika barafu safi iliyopondwa na kulowanishwa. Barafu iliyohifadhia samaki haifai, kwani chumvi huishusha chini ya 0. Kisha vining'inize ndani ya mvuke wa maji yanayochemka, visiguse sufuria. Usitarajie 100. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu digrii 94, na Kisumu karibu 96. Kipimajoto kinachosoma 100 Nakuru ndicho kibovu. Andika kila kimoja kilisoma ngapi.

Sasa weka thamosi juu ya mizani, tia gramu 200 za maji yaliyochujwa kutoka kwenye barafu, kisha mimina yanayochemka hadi mizani ipande gramu 200 nyingine. Usipime kwa mililita, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kwa takriban asilimia 4. Koroga, usome vyote viwili kwa pamoja. Nakuru jibu ni 47, yaani katikati ya 0 na 94, au pungufu kidogo kwa joto linalopotea njiani, lakini upotevu huo unavigusa vyote viwili, hivyo kinachotafutwa ni tofauti baina yao. Chekundu kikiwa chini ya cha zebaki, ilhali vilikubaliana kwenye barafu na mvuke, kioevu chake hakitanuki sawasawa na mtengenezaji hakurekebisha alama.

Rudia kwa gramu 300 za baridi na 100 za moto, kisha kinyume chake, uandike marekebisho na kuyabandika kwenye kisanduku cha kipimajoto hicho.