Namna ya kuifunga na kuipima helikopta ya simuleta kabla hujaisifia

Helikopta nyingi za simuleta huuzwa kwa picha: skrubu zinaonekana moja moja, kioo kina vumbi, viti vina mikunjo. Ukiipaisha ndipo unagundua kwamba ni ndege ya kawaida iliyobandikwa mapanga. Hapa natumia Robinson R22 kwa sababu inakuja ndani ya simuleta ya X-Plane 12 bila malipo ya ziada, ni nyepesi, na haina otopailoti ya kukufichia makosa. Ukiizoea hiyo, utaweza kupima yoyote utakayoinunua baadaye.

Hatua ya 1: Vidhibiti

Joistiki yenye mpini wa kusokota inatosha kuanzia. Kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu, nunua pedali za miguu.

Mkono wa kulia unashika saikliki, inayoinamisha mzunguko wa mapanga upande unaotaka kwenda. Wa kushoto unashika kolektivi, inayobadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja. Katika helikopta halisi kolektivi huvutwa juu ili upae, ilhali wenzo wa nguvu wa mezani umezoeleka kusukumwa mbele. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya joistiki, upe wenzo huo kazi ya kolektivi, kisha ugeuze mwelekeo ili ukiuvuta kwako, upae. Fanya hivyo siku ya kwanza, maana mkono ukishazoea vibaya ni kazi kuurudisha.

Papo hapo shusha hadi sifuri slaida za usaidizi wa uthabiti. Zikibaki juu, simuleta inakusahihisha kimyakimya. Kwenye simuleta nyingine, Microsoft Flight Simulator, zima misaada yote ya rubani.

Hatua ya 2: Kufunga

R22 tayari imo. Kwa nyongeza, yaani helikopta uliyopakua au kununua kando, fungua zip, kisha weka folda nzima ndani ya Aircraft kama ni X-Plane, au Community kama ni ya Microsoft. Nyongeza ya X-Plane 11 ambayo haijasasishwa inaweza kuyumba ovyo kwenye 12, kwani hesabu za urukaji zilibadilishwa. Basi.

Hatua ya 3: Jaribu msokoto

Weka R22 uwanja wa Zanzibar, upepo sifuri, nusu tangi. Vuta kolektivi taratibu. Mapanga ya R22, ukiyatazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa, na mwili husukumwa upande wa pili, kwa hiyo pua lazima ikimbilie kulia, nawe uizuie kwa pedali ya kushoto. Kila ukigusa kolektivi, mguu nao ufanye kazi. Pua ikitulia tu bila wewe kugusa pedali, ama kuna msaada uliousahau, ama nyongeza inadanganya.

Cabri G2, iliyoingia Microsoft Flight Simulator Novemba 2022 pamoja na Bell 407, ni ya Kifaransa na mapanga yake huzunguka kufuata saa. Hapo mguu wa kazi ni wa kulia. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, tarajia kuzunguka kama pia.

Hatua ya 4: Jaribu hewa

Ning'inia mita moja juu ya lami. Sasa panda hadi mita 15 hivi. Mapanga ya R22 yana kipenyo cha karibu mita 7.7, kwa hiyo hapo umeshaacha mto wa hewa unaojengeka karibu na ardhi, na kolektivi inapaswa kudai nguvu zaidi ili ubaki palepale.

Shuka tena, kisha sogea mbele polepole. Kati ya noti (maili za baharini kwa saa) 16 na 24 helikopta nzuri hutetemeka kidogo, pua hutaka kuinuka, halafu inapanda bila wewe kuongeza kolektivi. Mimi hapa ndipo ninapoamua kama nitoe pesa au la.

Hatua ya 5: Zima injini

Panda futi 2,000, noti 65, kata nguvu. Shusha kolektivi hadi chini mara moja. Mapanga ya R22 ni mepesi na hupoteza mzunguko upesi sana. Honi ya onyo hulia yakishuka hadi asilimia 97. Chelewa makusudi kidogo uone: kama mzunguko haushuki, hiyo si R22. Ukikaribia futi 40 inua pua kupunguza kasi, lalisha helikopta, kisha tumia kolektivi iliyobaki kulainisha mguso.

Hatua ya 6: Hamia Wilson

Rudia hatua ya 4 kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Uzito uleule, mafuta yaleyale, joto weka nyuzi 28. Hewa ni nyembamba, hivyo kolektivi inapaswa kukaa juu zaidi na akiba ya nguvu ipungue waziwazi. Ikinyanyuka vilevile kama ilivyonyanyuka Zanzibar, picha zake ziwe nzuri kiasi gani, usiinunue.