Kabla hujaingia banki kwa simu: mambo ninayowaonyesha wateja wangu Lubumbashi

Natengeneza simu kwenye kibanda katika komini ya Kenya. Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Kila mara naletewa simu ya kubadilisha tundu la chaji, nyuma yake kikaratasi kimebandikwa: 1960. Ndiyo namba ya kufungulia kioo. Ukimwuliza mwenyewe, utakuta ndiyo hiyohiyo ya pesa za simu na ya kadi ya banki. Mwaka wa uhuru hata mwizi anaujua.

Baba mmoja aliniachia simu bila kunipa namba yoyote. Nikasema, huyu mjanja. Nilipoichomeka nione kama inapokea moto, ujumbe wa banki ukashuka juu ya kioo kikiwa bado kimefungwa, tarakimu sita zinasomeka vizuri. Dakika chache baadaye akaja mbio kutoka saiba: "Fundi, nisomee ile namba iliyoingia!" Nikamwambia, baba, keti kwanza. Siku hiyo hatukuanza na tundu la chaji.

Hatua ya 1: ficha ujumbe kwenye kioo kilichofungwa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya arifa, kisha uchague yaliyomo yasionekane simu ikiwa imefungwa. Utajua kwamba ujumbe umeingia, lakini hutausoma mpaka ufungue.

Hatua ya 2: funga laini yenyewe. Hii ndiyo watu wengi hawaijui. Mwizi hana shida na kioo chako. Anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, anabonyeza "nimesahau neno la siri", na namba za uthibitisho zinamfuata yeye. Laini yenye namba yake ya siri haitafanya kazi kwenye simu nyingine mpaka namba hiyo iandikwe.

Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kwenye sehemu ya usalama tafuta maneno kama "Verrouillage de la carte SIM". Utaombwa namba ya mwanzo, nayo huandikwa kwenye kadi uliyonunulia laini. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Andika PUK kwenye daftari lako nyumbani, halafu badilisha namba ya mwanzo uweke yako. Na laini iwe kwa jina lako. Kama ilisajiliwa kwa jina la shemeji, siku ikipotea itabidi umbembeleze shemeji.

Hatua ya 3: safisha picha na mazungumzo. Fungua picha zako sasa hivi. Kadi ya banki ipo, mbele na nyuma? Ifute, kisha ifute tena kwenye pipa la taka, na uangalie pia hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu simu nyingi hupeleka picha huko zenyewe. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ndizo zinazotumika kununulia vitu mtandaoni. Kwenye WhatsApp tafuta neno "code". Utashangaa umewatumia watu wangapi.

Hatua ya 4: neno la siri. Mazembe2015 si neno la siri. Hapa mjini nusu ya mashabiki wa timu ya Mazembe wanakumbuka kombe la mwaka huo. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uchanganye Kiswahili, Kibemba na Kifaransa ukitaka, ila yasiwe methali wala wimbo. Urefu unasaidia kuliko kuweka @ mahali pa a. Barua pepe yako iwe na neno lake tofauti, kwa kuwa anayeishika barua pepe ataomba maneno mengine yote yabadilishwe.

Hatua ya 5: ingia kwa mlango wako. Tumia programu ya banki iliyotoka kwenye duka rasmi la simu, au andika anwani mwenyewe. Usibonyeze kiungo kilicholetwa na ujumbe. Ukitaka kusoma anwani, anza kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, urudi nyuma: katika bankiyako.cd.huduma.xyz/ingia, mwenye nyumba ni huduma.xyz, si banki yako. Alama ya kufuli inasema tu kwamba njiani hakuna anayesikiliza. Matapeli nao wanayo. Na saiba, hapana. Mashine ya watu wote inaweza kuwa inaandika kila herufi unayobonyeza.

Hatua ya 6: anayepiga simu. Akikuomba namba ya uthibitisho, kata. Piga namba ya simu ya banki iliyo nyuma ya kadi yako.

Hatua ya 7: kabla ya kumpa mtu simu. Umeme ukikatika tunapeleka simu kuchajishwa kibandani. Izime, chomoa laini, uitie mfukoni. Hata kwangu mimi. Kubadilisha tundu la chaji hakuhitaji namba yako. Nikitaka kujaribu kioo, utakifungua mwenyewe, huku ukinitazama.

Laini yako ikikosa mtandao ghafla na jirani mwenye kampuni ileile anapiga simu vizuri, usingoje kesho. Huenda mtu amejipatia nakala yake. Azima simu, piga banki wazuie akaunti, kisha nenda duka la kampuni saa hiyohiyo ukiwa na kitambulisho.