SOMO: Soya ukiikaanga tu kama karanga itakutesa tumbo, njoo tuipike mpaka iive

Wana Mwanza na wa ng'ambo ya ziwa mwangaluka. Kila wiki nakutana na mtu anaulizia soya, huyu anasema inatibu kila kitu yule anasema inamuotesha mwanaume matiti, nikasema leo ngoja nikae niandike yote mara moja maana kuelezea mmoja mmoja dirishani nimechoka. Mi sio dokta, mi nasaga unga wa uji na kuuza hapa Nyakato mwaka wa saba huu, ninachojua nimekipata kwa kusoma, kwa kuuliza wanaojua na kwa kuharibu.

Naanza na kuharibu. Mwaka ule naanza nilinunua soya soko la Mlango Mmoja, nikapeta, nikaosha, nikaikaanga kwenye sufuria kama karanga, ganda lilipopata rangi nikaona tayari nikapeleka mashine. Wateja wa kwanza majirani. Siku ya tatu mama wa nyumba ya pili kaja na mtoto mgongoni, ananiambia kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, dada ule unga wako mtoto anaharisha na mimi mwenyewe tumbo linanguruma usiku kucha kama injini ya kivuko. Nikabisha sana. Alivyoondoka nikachukua punje zilizobaki kwenye sufuria nikaipasua moja kwa meno, nje kahawia nzuri, ndani kijani, ladha ya jani bichi kabisa. Nikamrudishia hela yake na nikaomba radhi.

Iko hivi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kimeng'enya kinaitwa tripsini, ndo kile kinachokata protini tumboni ili mwili uitumie, sasa ukila soya isiyoiva unakula protini nyingi alafu unazuia mwenyewe isisagwe, matokeo yake gesi, kichefuchefu, kuharisha. Moto wa maji unaviua vizuri kwa sababu punje imelainika na joto linafika mpaka katikati. Moto mkavu wa haraka haraka unachoma ganda tu.

Na kwa nini tuhangaike nayo? Soya kavu gramu 100 ina protini kama gramu 36, maharage ya kawaida yako kwenye 21 mpaka 23 hivi. Alafu mahindi yana upungufu wa kipande cha protini kinaitwa laisini na soya inayo tele, kwa hiyo ukiviweka kwenye uji mmoja vinasaidiana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ila msije mkaacha dagaa! Dagaa wa soko la Mwaloni wana kalsiamu na vitamini B12, soya haina hiyo B12. Kuna mteja wangu alisikia soya ni "nyama ya maskini" akaacha kununua dagaa kabisa, nikamwambia mama unaishi ziwani unakimbia samaki kweli?

Haya, hatua.

HATUA YA 1: Chagua. Punje za njano, nzima, zisizo na ukungu. Nyingi zinatoka huko Ruvuma na nyanda za juu kusini, zinasafiri mbali na gunia likinyeshewa njiani usilinunue hata kama bei inavutia. Hapa sina maneno mengi.

HATUA YA 2: Loweka usiku kucha, masaa 8 mpaka 12, maji mara tatu ya soya maana zinavimba kweli. Kwa joto letu hili ukipitiliza mpaka jioni ya kesho yake unakuta povu na harufu ya kuchacha. Asubuhi MWAGA hayo maji, usipikie. Humo kuna sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi, mtu anakwambia soya inajaza tumbo kumbe anapikia maji aliyolowekea.

HATUA YA 3: Hii ndo somo lenyewe. Chemsha maji kwanza mpaka yatokote ndo utie soya, usiweke soya kwenye maji ya baridi. Ile harufu ya majani majani watu wanayoichukia inatokea punje ikivunjika na kulowa maji ya baridi, kuna kimeng'enya kinaharibu mafuta yake, maji yanayotokota yanakiua kabla hakijafanya kazi. Maji yakirudi kutokota anza kuhesabu dakika 30. Tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani maana povu la soya halina adabu, linapanda kimya kimya ukigeuka kuongea na mtu limeshazima jiko la mkaa. Dakika 30 zikiisha toa punje ipasue, ndani iwe njano moja na isiwe na ule ujani wala ladha ya jani. Kumbuka hapa ni kwa ajili ya unga, kama unataka kula nzima kama maharage ni masaa mawili mpaka matatu ndo ilainike, mkaa ujiandae.

HATUA YA 4: Mimina kwenye karai la maji baridi ufikiche kwa viganja. Maganda yanatoka yanaelea juu kama magamba ya sato, unayatoa kwa chujio. Yakibaki machache sio dhambi.

HATUA YA 5: Anika juu ya turubai safi au chekecheke, sio chini. Jua kali siku mbili, masika inaweza kufika nne na jioni lazima uingize ndani maana unyevu wa ziwa usiku unarudisha kazi yote nyuma. Imekauka ukiing'ata ikilia ka! na ikigawanyika. Kama inabonyea bado.

HATUA YA 6: Kaanga kidogo, moto mdogo, unageuza, mpaka inukie na iwe rangi ya dhahabu. Hapa sio kuivisha tena, ni harufu na kumalizia unyevu. Ukiiunguza unaharibu ile laisini tuliyoitafuta.

HATUA YA 7: Saga. Muombe wa mashine aanze na mahindi yako kidogo kusafisha kabla ya soya, la sivyo unaondoka na pilipili ya mwenzio.

Kuchanganya: vikombe vitatu au vinne vya mahindi (au mtama, au ulezi) kwa kikombe kimoja cha soya. Basi. Huu mtindo wa kuweka mahindi, ngano, mchele, mtama, ulezi, karanga, soya, mbegu za maboga, kila kitu ndani ya mfuko mmoja mi nimeuacha. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, alafu karanga na mahindi ndo mlango wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa. Karanga saga kidogo kidogo nyumbani utie wakati wa kupika uji. Na unga wa soya una mafuta, asilimia kama 20 ya punje ni mafuta, kwa hiyo saga wa wiki chache tu, ukianza kunuka kama mafuta ya kukaangia ya juzi mwaga.

MAZIWA YA SOYA: loweka vile vile, menya, saga kwenye blenda na maji ya MOTO, kikombe kimoja cha soya kavu kwa vikombe sita mpaka nane, kamua kwa kitambaa safi, rudisha jikoni. Sasa sikilizeni, povu litapanda mapema kabla hayajachemka kweli, wengi wanadhani tayari wanaepua. Hayo bado ni mabichi. Koroga, punguza moto, yaache yatokote dakika 10 mpaka 15. Yakipoa weka friji, umalize ndani ya siku mbili tatu.

MASWALI MLIYOULIZA NA MAJIBU

Ngosha wa Buhongwa: Dada mi naenda moja kwa moja. Washkaji wanasema soya inapunguza nguvu za kiume, ina homoni za kike. Kweli au uongo?

Jibu: Nilijua litakuwa la kwanza hili. Soya ina isoflavoni, zinafanana kidogo na estrojeni, homoni ya kike, ila nguvu yake ni ndogo sana. Tafiti zilizofanywa kwa wanaume zilikusanywa zikachambuliwa pamoja, 2010 na tena 2021, homoni ya kiume haikushuka. Ile stori ya matiti ina chanzo, Marekani kuna mzee wa miaka 60 alivimba matiti, iliripotiwa 2008, alikuwa anakunywa maziwa ya soya karibu lita 3 kila siku, alipoacha maumivu ya matiti yakaisha. Wewe kikombe chako cha uji asubuhi kinahusiana nini na lita 3? Alafu Wachina wanakula soya miaka na miaka na wako zaidi ya bilioni, hao watoto waliletwa na nani.

Mama Kulwa: Mwanangu ana miezi mitano, maziwa yangu madogo, naweza kumpa uji wako au maziwa ya soya?

Jibu: Hapana mama, siwezi kukuuzia. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, nenda kliniki wakuangalie unavyomnyonyesha maana mara nyingi maziwa yapo ila mtoto hajashika vizuri. Akifika sita unaanza uji mwepesi huku ukiendelea kunyonyesha, na siku ya kwanza mpe vijiko viwili uangalie, soya ni kati ya vyakula vinavyoleta aleji. Akivimba mdomo, akitoka vipele au akihema kwa shida kimbia hospitali. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani yasiwe mbadala wa maziwa kwa mtoto wa chini ya mwaka, kalsiamu yake ndogo.

Bibi wa Nansio: Mwanangu mi nina miaka 53, joto linanipanda usiku mpaka nafungua dirisha na mbu wanaingia. Nimeambiwa soya inasaidia. Ila mdogo wangu alipata kansa ya titi, naogopa.

Jibu: Shikamoo bibi. Kwa joto la ukomo wa hedhi inasaidia baadhi ya wanawake, kwa kiasi, sio kama dawa ya hospitali, jipe miezi miwili mitatu ya kula kila siku uone. Kuhusu kansa, ule woga ulikuwepo hata kwa madaktari. Kule Shanghai walifuatilia wanawake 5,042 waliougua kansa ya titi, majibu yakatoka 2009, waliokula soya zaidi walikufa wachache na kansa iliwarudia wachache kuliko waliokula kidogo. Hiyo ni soya ya chakula lakini, vidonge vya isoflavoni vya kwenye makopo mdogo wako asiguse bila kumuuliza daktari wake.

Msabato wa Igoma: Sisi nyumbani tunakunywa kahawa ya soya miaka yote, ile ya kukaanga mpaka nyeusi. Umeikataa kukaanga, inamaana tunakosea?

Jibu: Hapana ndugu yangu, ile mnakaanga mpaka inaiva hadi ndani na bado inachemshwa, haina shida na haina kafeini. Ila ukishachuja ukamwaga masimbi usihesabu kwamba umekula protini, umekunywa kinywaji kitamu basi.

Aunt wa Kiseke: Natumia vidonge vya tezi shingo kila asubuhi na uji wako pia nakunywa asubuhi.

Jibu: Aunt tenganisha. Soya inapunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, meza dawa asubuhi na maji, soya iwe masaa manne baadae au jioni. Na mwambie dokta kwamba unakula soya ili akipima ajue. Tumia chumvi yenye madini joto pia.

Mzee wa Kamanga: Nina lehemu na presha, soya itanishushia?

Jibu: Shikamoo mzee. Lehemu mbaya (kolesteroli) inashuka kidogo, asilimia 3 mpaka 4 hivi. Wamarekani 1999 waliruhusu makampuni kuandika kwenye pakiti kwamba gramu 25 za protini ya soya kwa siku zinasaidia moyo, 2017 wakasema wanataka kuiondoa ruhusa hiyo maana ushahidi sio mzito kama walivyodhani. Faida kubwa utaipata kama soya inachukua nafasi ya nyama ya mafuta, sio unakula nyama choma alafu unashushia na soya. Dawa za presha usiache mzee.

Dogo Nyegezi: Dada yangu ana upungufu wa damu, uji wa soya unafaa?

Jibu: Soya ina madini chuma ila ina pia faiteti inayoyashikilia yasiingie. Kuloweka kunapunguza kiasi. Mkamulie limao au mpe chungwa na uji, na chai ya rangi asinywe hapo hapo, asubiri lisaa au mawili. Na apimwe, inaweza kuwa minyoo au kichocho, sisi wa ziwani tunajuana.

Mama wa Mabatini: Nimetengeneza maziwa yametoka vizuri, haya machicha nayatupa?

Jibu: Usitupe jamani! Yapike kwanza maana hayo hayajachemka, bandika na maji kidogo dakika 15, alafu kanda kwenye unga wa chapati, machicha robo kwa unga robo tatu, au changanya na viazi na kitunguu ukaange kababu. Yanachacha haraka, siku hiyo hiyo. Yanayobaki kwangu wanapewa kuku, nao wanajua siku ya maziwa, asubuhi nikishika tu kitambaa cha kukamulia wote wako mlangoni.