Somo: Kuusaka mvumo kwenye redio ya valvu

Redio ya valvu (ile ya zamani yenye taa za kioo ndani) ikianza kuvuma, fundi mwenye haraka hukimbilia kubadilisha valvu. Usifanye hivyo. Valvu ni ghali, kuipata hadi ifike Lamu ni shughuli, na mara nyingi haina kosa lolote.

Chomoa plagi kwanza. Kapasita kubwa za chujio, zinazohifadhi stima na kuilainisha, hubaki na volti 250 hadi 300 hata redio ikiwa imezimwa. Zimalize stima hiyo kwa rezista ya omu elfu 10, wati 5, ukiishika kwa koleo yenye mpini wa mpira, kisha hakikisha kwa mita. Redio za valvu za U (UCH81, UCL82, UY85) kwa kawaida hazina transfoma ya stima, kwa hiyo chesi (fremu ya chuma ya redio) yenyewe inaweza kuwa na stima. Usiifungue ikiwaka bila transfoma ya kutenganisha redio na stima ya ukutani, wala usisimame peku juu ya sakafu yenye unyevu.

1. Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, kosa liko baada ya kifundo cha sauti: chujio, valvu ya mwisho au transfoma. Mvumo ukinyamaza, kosa liko kabla yake, au haliko ndani ya redio kabisa.

2. Sikiliza uzito wake. Stima yetu ni hezi 50. Kwenye redio yenye EZ80 (valvu ya rektifaya, inayogeuza stima ya AC kuwa DC), chujio kilichokauka hutoa mvumo wa hezi 100. Ukisikia mzito zaidi, wa hezi 50, shuku nusu moja ya rektifaya imekufa, au hita (waya wa kupasha joto ndani ya valvu) inavuja kwenye kathodi, sehemu inayopashwa joto nayo, ya valvu fulani.

3. Badilisha kapasita za chujio. Usibandike mpya juu ya kuukuu: ile ya zamani huendelea kuvuja na kuichosha rektifaya. Mikrofaradi 47 za volti 450 zinatosha. Kapasita ya kwanza baada ya EZ80 isizidi mikrofaradi 50. Piga picha kabla ya kukata, maana ncha hasi haiendi kwenye chesi siku zote. Redio nyingine huipitisha kwenye rezista ndogo.

4. Pima volti za gridi (mlango wa sauti) ya EL84, valvu ya mwisho, kwenye pini ya 2. Iwe karibu na sifuri. Ukikuta volti chanya, fungua ncha moja ya kapasita inayoleta sauti hapo. Volti zikitoweka, kapasita ndiyo inayovuja. Zikibaki, hapo sasa ilaumu valvu.

5. Viungo vya ardhi, yaani pale waya zinapoungwa na chesi. Kwa redio za pwani, hapa usiharakishe. Hewa ya chumvi huingia chini ya ribiti zinazobana vibati vya ardhi kwenye chesi. Angalia ukingo wa ribiti: ukiona unga wa kijani au mweupe, kiungo hicho hakiaminiki hata mita ikisema ni kizima. Redio ikiwaka, kibonyeze kwa kijiti kikavu cha mwanzi. Mvumo ukibadilika, umekipata. Kuongeza lehemu juu ya kutu ni kazi bure. Toboa ribiti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa skrubu na washa ya meno.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, yangu huvuma nikishika stesheni tu. Katikati ya stesheni ni kimya.
Jibu: Tafuta kapasita ndogo ya karatasi kati ya waya wa stima na chesi. Weka ya aina ya Y2 (ya usalama, kwa waya wa stima), nanofaradi 4.7. Ya kawaida ikifa kwa shoti, chesi nzima inakuwa stima.

Swali: Mwalimu, sisi Shela tunatumia sola. Mchana iko safi, jioni inachachatika.
Jibu: Huenda ni inveta, au balbu za LED zinazowashwa jioni. Chukua redio ndogo ya betri, iweke AM pasipo na stesheni, uizungushe nyumbani. Itakapopiga kelele zaidi, hapo ndipo penye mchawi.

Swali: Transfoma inanguruma hata nikichomoa spika. Nifanyeje?
Jibu: Kwanza usiiwashe tena bila spika, ndugu yangu. Transfoma ya sauti ikikosa mzigo, volti hupanda na inaweza kutoboka. Kaza boliti za transfoma ya stima. Ukiwa bado unasikia ngurumo, toa rektifaya na uwashe redio kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofuatanishwa na waya wa stima. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, koili imeshikana ndani.